Kifaru cha Madoa Matatu

Siku ya kwanza Mwantumu alisahau sahani.

Alipakua ugali wa muhogo na kisamvu, akaweka sahani ya mumewe, akaweka yake, akafunika chungu, akaketi mkekani. Hajira, binti yao wa miaka sita, alikuwa amekwisha kunawa. Maji yalimdondoka mikononi, naye anamtazama mama yake kama mtu anayesubiri utani umalizike.

"Mama, na mimi?"

Mwantumu hakuinua kichwa. Alimega tonge, akachovya, akala.

"Mama Hajira," Mikidadi alisema, "mwanao leo kafunga?"

Mwantumu akamtazama mumewe, akatazama upande aliokuwa akitazama yeye, akajipiga paji la uso. "Jamani. Nazeeka, Baba Hajira." Akafunua chungu, akapakua sahani ya tatu, na wote wakacheka. Ilikuwa saa saba mchana, Nachingwea, mwaka wa hamsini na moja. Jua lilikuwa utosini. Dirishani, juu ya kipande cha gazeti, kifaru kidogo cha mbao kilikuwa kinakauka vanishi.

Habari za mradi wa karanga kila mtu anajifanya anazijua. Wazungu walikuja na ramani, wakang'oa msitu, wakapanda karanga, karanga zikawagomea. Full stop. Kisichosemwa sana ni kwamba baadhi ya mashine zilizong'oa msitu zilikuwa vifaru. Vifaru vya vita kabisa, vilivyokatwa kichwa na mzinga, vikafungwa pua ya chuma ya kusukumia miti. Vita vilikuwa vimekwisha huko kwao, chuma kimebaki, na chuma kikibaki lazima kitafutiwe nchi ya kwenda.

Mikidadi alivijua vifaru kabla havijakatwa vichwa. Alikuwa Burma, fundi wa jeshi, na alirudi na koti moja, medali moja na homa isiyokwisha. Sasa alikuwa fundi katika karakana ya mradi, na siku za mapumziko alikuwa na wazimu wake: alichonga vifaru vidogo. Mwili alichonga kwa mninga. Magurudumu yalikuwa vifungo vya lile koti la jeshi. Mnyororo wa baiskeli, uliopunguzwa pini kwa pini, ndio uliokuwa mnyororo wa kifaru. Inchi moja ya mbao ilikuwa futi tatu za chuma, na juu ya hilo hakuwa na mjadala na mtu.

Mchongaji mwingine angeishia hapo, akapaka rangi, akauza. Mikidadi hapo ndipo alipoanza. "Kifaru kipya ni uongo," alikuwa akimwambia mkewe. "Umekiona wapi zaidi ya gazetini?" Kwa hiyo alikizeesha. Vumbi la chuma linaloanguka chini ya tupa alililoweka kwenye ndimu na chumvi siku tatu, likawa kutu ya kweli, akaipaka kwenye maungio kwa kijiti kilichotafunwa ncha. Masizi ya kibatari aliyaweka kwenye bomba la moshi. Oili chafu ilichuruzika chini ya kila msumari. Vumbi jekundu la Nachingwea alilichekecha kwa kipande cha kanga, akalipuliza kwa mdomo juu ya gundi mbichi, likashika tumboni mwa kifaru kama lilivyoshika kwenye malori. Na pale ambapo buti la dereva hukanyaga akipanda, alikwangua rangi kwa ukucha. Hakusema "nakizeesha". Alisema, "Nakipeleka vitani."

Mteja wake alikuwa mzungu mmoja aliyekaa Ruangwa, msimamizi wa kusafisha mashamba. Watu walimwita Kapteni kwa sababu vitani alikuwa kapteni wa vifaru hasa. Nyumbani kwake palikuwa na meza ndefu iliyojazwa mchanga, na juu ya mchanga alipanga vifaru vidogo akapigana upya vita alivyokwisha kushinda. Mtu mzima, anacheza mchanga. Wenzetu hawaitwi wavivu.

Mwaka huo ilitoka orodha ya watakaoachishwa kazi. Jina la Mikidadi lilikuwamo. Kapteni alikuwa mmoja wa watia sahihi, na alikuja karakana kila Alhamisi, na Alhamisi moja akamshika bega.

"Wewe tengeneza moja kwa mimi," alisema, kwa Kiswahili chake cha kambini. "Rangi ya kuficha. Si mchanga, si kijani, zote nimeona. Mimi nataka rangi, mimi nikitafuta, mimi sioni. Then we shall see about your name."

Mikidadi alijaribu madoa ya kanga wa porini. Alijaribu kivuli cha majani ya mkorosho. Alijaribu mistari ya tandala. Mara zote tatu Kapteni alikiinua kifaru, akakizungusha, akakirudisha. "Pretty," alisema. "Lakini naona yeye."

Ndipo Mikidadi alipokumbuka Marambo.

Waliopita jandoni zamani zile, upande wa Marambo, wanajua jambo ambalo hapa litasemwa nusu tu. Usiku wa mwisho wanaume hufinyanga mnyama chini, kwa udongo, mrefu kama nyumba. Humtia madoa ya unga wa mtama, masizi na ngeu. Nyeupe, nyeusi, nyekundu. Nyeupe, nyeusi, nyekundu, kwa mpango wake, usiobadilishwa. Vijana huzungushwa, huonyeshwa. Na kabla jua halijatoka huamriwa wamkanyage kwa nyayo tupu, wote, mpaka lisibaki doa hata moja. Ngaliba wao, mzee Salimu, alitaja sababu mara moja tu. Yule mnyama ni kiti, alisema. Anayekikalia amealikwa kwa usiku mmoja, na njia yake ya kurudi ni kufutwa. Msimwonyeshe jua, maana akiliona atapapenda hapa.

Mikidadi alikuwa na miaka kumi na moja alipolisikia hilo. Alipokuwa na thelathini na mbili, na jina lake liko ukutani mwa karakana, aliona ni maneno ya kutishia watoto. Tena alikumbuka jambo jingine: usiku ule, mnyama alipokwisha kutiwa madoa, ilikuwa shida kumwona. Ulijua yuko pale, futi mbili mbele ya vidole vyako, na jicho halitui.

Alisaga mtama mwenyewe, hakutaka kumwomba mkewe. Aliuchanganya na gundi. Alipata ngeu kwa seremala, masizi alikuwa nayo. Asubuhi nzima alitia madoa, kila doa dogo kama mbegu ya ufuta, na mkono wake, ambao haukuwa umegusa kazi hiyo maisha yake yote, uliujua mpango. Alipokwisha, akakizeesha. Alipokwisha kukizeesha, alifanya lile ambalo hakuna mtu wa Marambo angelifanya akiwa na akili zake: alipaka vanishi juu ya madoa, ili yasifutike.

Yuko katikati ya vanishi, Hajira akaja akamwegemea bega.

"Baba, nitie hereni."

"Mm."

"Nitie na mimi, Baba." Akapenyeza kichwa chini ya mkono wake.

Mikidadi hakuondoa jicho kwenye kifaru. Mkono ulikwenda wenyewe, kama wa mtu anayefukuza inzi: nyuma ya sikio la mtoto, kwenye nyama laini, doa, doa, doa. Nyeupe, nyeusi, nyekundu. Na kwa kuwa kijiti cha vanishi kilikuwa tayari vidoleni, akakipitisha juu yake. "Haya, nenda. Usiguse mpaka ikauke."

Dakika moja baadaye hakukumbuka. Tusimsingizie jini. Jini alikuwa hajaanza kazi. Hiyo ilikuwa kazi ya orodha.

Saa saba mchana ndipo Mwantumu aliposahau sahani.

*

Kesho yake Mwantumu alifagia uwanja kama kila asubuhi, mpaka ukabaki na mistari ya ufagio tu. Adhuhuri alitoka kuanua muhogo, akasimama.

"Baba Hajira. Umetembeza mdoli wako huku?"

Mistari miwili myembamba, sambamba, yenye alama ndogo ndogo za meno ya mnyororo, ilitoka chini ya dirisha. Ilizunguka nyumba, ikapita nyuma ya choo, ikarudi, ikaingia mlangoni, ikakomea kando ya mkeka wa Hajira.

Kifaru kilikuwa dirishani palepale juu ya gazeti. Mikidadi alikigusa mnyororo. Ulikuwa na vumbi bichi.

"Watoto," alisema.

"Watoto gani?" aliuliza Mwantumu.

Alhamisi alikipeleka. Kapteni alikiweka juu ya meza ya karakana, katikati ya spana, akageuka kuwasha kiko, akageuka tena. Macho yake yakapita juu ya meza kutoka kushoto kwenda kulia, yakarudi. Akaweka kiko chini. Akapapasa kwa mikono, polepole, kama kipofu, mpaka vidole vikagonga mnyororo.

"Good God," alisema, kwa sauti ya chini. Hakucheka. Halafu akacheka. Akakifunga kwenye leso, akaondoka nacho kwenda Ruangwa, na Ijumaa jina la Mikidadi likapigwa mstari.

Mikidadi alirudi nyumbani akidhani kwamba kifaru kimekwenda, na alama zitakwenda nacho. Hazikwenda. Jumamosi adhuhuri zilikuwapo, na nafasi kati ya mstari na mstari ilikuwa upana wa kigoda. Jumatatu ilikuwa upana wa mlango. Baada ya wiki, mtu mzima hakuweza kuruka kutoka mstari mmoja hadi mwingine, na udongo ulikuwa umedidimia kama uliobeba tani thelathini, lakini ua wa makuti ulikuwa wima, mitungi mizima, hakuna kilichovunjwa. Kilichopita kilipita bila kugusa. Na mara zote kilikomea kwenye mkeka mmoja.

Usiku palikuwa kimya kabisa, watu walilala. Kilikuja mchana. Kwanza ilikuja harufu, unga mbichi wa mtama uliolowa, na ndani yake dizeli. Halafu sauti, tak, tak, tak, mnyororo wa baiskeli juu ya vifungo vya koti, ndogo, ya chini ya kitanda. Na Mikidadi, ambaye siku moja homa ilimrudisha nyumbani mapema, alilala ubavu akaisikia ikitoka chini yake na kwenda uani na kuanza kuzunguka, na kila mzunguko ilirudi nzito zaidi, tak ikawa dum, dum ikawa mngurumo anaoujua, ule wa mtoni Burma asubuhi ya ukungu walipolala matopeni wakiomba uwe wa kwao, na alipojikokota mpaka mlangoni kutazama uwanja wote mweupe kwa jua hapakuwa na kitu, hapakuwa na chochote, ila mistari miwili iliyokuwa ikijichora yenyewe mchangani kumjia, taratibu, bila mwenyewe, na Hajira katikati yake amechuchumaa anacheza vibuyu.

Alimnyakua. Mngurumo ukakatika.

"Baba, unaniumiza."

"Ulikiona?"

"Nini?"

Mwantumu alitoka jikoni. Alimtazama mumewe amesimama uani, mikono imekumbatia. "Umekumbatia nini, Mikidadi?"

Si neno "nini" lililompiga. Miaka sita mwanamke huyu hakuwa amemwita kwa jina lake. Alikuwa Baba Hajira tangu siku ya arobaini.

*

Mambo mengine yalikuja yakipishana. Jirani yao Mwanne alikuwa anasuka watoto wa mtaa kila Ijumaa, wanapanga foleni chini ya ukuta. Aliwasuka wote, akakunja kitana, akaondoka, Hajira amekaa kwenye foleni na kichwa chake kimechambuliwa. Siku ya pili Mwantumu alimpa Mwanne gauni dogo la bluu. "Chukua, watoto wako watavaa. Sijui hata limeingiaje humu ndani." Mikidadi alilichukua tena kwa nguvu, na Mwanne akamsimulia mtaa mzima kwamba fundi amekuwa mchoyo tangu abakishwe kazini.

Akamwita Mwalimu Bashiri wa chuo cha Kurani aje asome. Mwalimu alisoma vizuri, sauti haikutetereka, ubani ukajaa chumba. Hajira alikaa mbele yake, mikono amekinga. Mwisho mwalimu akafunga macho, akaomba: "Ewe Mola, walinde waja wako hawa wawili, Mikidadi na mkewe. Na uwajalie mtoto."

"Amina," alisema Mwantumu, na machozi yakamtoka.

Mikidadi aliwatazama wote wawili. Akamtazama mtoto, ambaye naye alikuwa amesema amina.

"Baba," Hajira alimnong'oneza, "mtoto gani tena?"

Hapo ndipo alipoacha kujidanganya. Ngaliba Salimu alikuwa amekufa zamani, lakini dada yake alikuwa hai, Bibi Biasha, nyakanga, mfunzi wa wasichana, huko Mbekenyera. Na Ruangwa, palipo na meza ya mchanga, ni njia hiyo hiyo. Alichana kanga, akafunga ncha moja kwenye kifundo cha mkono wake na nyingine kwenye kifundo cha Hajira. Kwa mkewe alisema anakwenda kutafuta dawa ya homa.

Dereva wa lori, Saadi, alikuwa rafiki yake. Alifunga mlango wa nyuma kidogo tu aubane mguu wa mtoto. Mikidadi akampigia kelele.

"Mguu wa nani?" aliuliza Saadi. Njia nzima alimsikia fundi nyuma yake akisimulia hadithi za sungura na kujibu maswali. Karibu na Ruangwa alipunguza mwendo, akatoa kichwa. "Ndugu yangu, hiyo homa ya Burma ukapimwe. Unaongea na nani?"

"Endesha."

Kapteni walimkuta barazani. Hakuwa amenyoa. Hakuuliza amefuata nini. "Naipoteza yeye," alisema. "It's on the table. I know it's on the table." Mchanga wote wa meza ulikuwa umekatwakatwa na njia za minyororo, zimezunguka, zimepandana, na vile vifaru vingine vilikuwa vimesukumwa ukingoni kama vilivyokimbia. Mikidadi alikiona mara moja. Kilikuwa katikati, wazi, kinamtazama kwa mzinga. Lakini kutu haikuwa ile ya ndimu na chumvi. Ilikuwa imekula mbao. Na tope lililoganda kwenye mnyororo halikuwa jekundu. Lilikuwa jeusi, la mtoni, lenye harufu aliyodhani ameiacha upande wa pili wa bahari. Kuna mtu alikuwa ameendelea kukizeesha. Kuna mtu alikuwa amekipeleka vitani.

Alikichukua mbele ya macho ya Kapteni. Kapteni alikuwa bado anapapasa mchanga walipotoka.

*

Bibi Biasha alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, ambaye ndonya ya zamani, lile pambo la mdomo wa juu, ilimwachia tundu. Alisikiliza yote akiwa anapeta ufuta.

"Mtoto yuko wapi?"

"Huyu hapa, bibi."

Aliweka ungo chini. Alinyoosha mikono, akampata bega, akampapasa uso, nywele, mikono, kama mtu anayechagua maboga gizani. "Namshika," alisema. "Simwoni. Jina lake umenitajia sasa hivi, na sasa hivi limenitoka. Ya jandoni ni yenu wanaume, sikuulizi. Lakini na sisi tuna ya kwetu, na sheria ni moja. Mnyama wenu umemwonyesha jua."

"Nimemwonyesha, bibi."

"Na ukamfungia njia ya kurudi kwa dawa ya kizungu, isifutike. Sasa sikiliza, mwanangu, maana hili sitalisema mara mbili. Alfajiri utamkwangua chini, doa kwa doa, utamkanyaga kama ulivyokanyaga utotoni. Wewe, si mimi, maana mkono wako ndio uliochora. Ndiyo sababu mtoto unamwona peke yako: jicho la mchoraji halifichwi na mchoro wake. Ukishamaliza kufuta, wewe si mchoraji tena. Jicho lako litakuwa kama letu. Kwa hiyo usiache doa. Doa likibaki kwenye kitu, kitu hicho kitabaki upande wake, na safari hii hata wewe hutakiona. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Kilichobaki cha rangi?"

"Nilimwaga chooni, nikafukia."

"Kibao ulichojaribia?"

Alikuwa nacho. Alikuwa fundi, alifikiria kila kitu. Akakitoa kwenye mfuko pamoja na kijiti cha madoa na kijiti cha vanishi, akavipanga mbele yake.

"Kingine?"

"Hakuna."

"Fikiri."

Alifikiri. Alipita karakana, alipita dirisha, gazeti, meza. Alipita vifungo na mnyororo. Hajira akamvuta ile kanga ya mkononi.

"Baba. Na hereni yangu?"

"Subiri, mwanangu," Mikidadi alisema, bila kugeuka. "Wakubwa wanazungumza." Akamwambia Bibi Biasha, "Hakuna kingine, bibi. Naapa."

Alfajiri, nyuma ya nyumba, umande bado uko kwenye mabua, alikwangua. Kisu kilichimba vanishi, na madoa yakadondoka juu ya udongo kama magamba ya samaki. Alivunja mzinga. Alikwangua kibao, akakwangua vijiti. Akavua viatu. Mkono wa kushoto alimshika Hajira, naye alikuwa ameshika kwa nguvu, vidole vya baridi, ana usingizi. Akaanza kukanyaga. Chini ya nyayo zake ardhi ilinguruma, mbali, kama kitu kizito kinachogeuza, na harufu ya unga ikapanda mpaka akatapika, na akaendelea kukanyaga huku anatapika, vipande vya mninga vikamchana nyayo, damu ikaingia kwenye nyeupe na nyeusi na nyekundu mpaka yote yakawa tope moja, na mngurumo ukaenda, ukaenda, ukavuka mabonde ya Mbekenyera, ukawa tak, tak, ukawa si kitu. Doa la mwisho lilikuwa jeusi. Alilisaga kwa kisigino.

Jua likatoka.

Mikidadi alisimama akihema. Mwili ulikuwa mwepesi, homa imeondoka. Kwenye kifundo cha mkono wake palikuwa na kipande cha kanga kilichofungwa, na ncha ya pili ilining'inia hewani, imefungwa nayo, kitanzi kidogo kinachotosha mkono wa mtoto. Alikitazama. Kilikuwa kinavutika kidogo kidogo, kama kwa upepo.

"Imekwisha?" aliuliza Bibi Biasha.

"Imekwisha, bibi." Akafungua fundo, akakitupa. "Nilisema nimeletwa na nini?"

"Homa," alisema yule bibi. "Nadhani ulisema homa."

Kwenye lori alilala usingizi njia nzima. "Leo umenyamaza," Saadi alimwambia waliposhuka Nachingwea. "Umepona." Wote wawili hawakusikia aliyekuwa nyuma yao, akilia kwa neno moja tu, Baba, tangu Mbekenyera, mpaka sauti ikakauka.

*

Kazini alibakishwa. Hili lisemwe, kwa kuwa ndilo aliloliomba. Wenzake wengi waliondoka na mabegi yao mwaka ule, na Mikidadi akapewa funguo za karakana. Vifaru hakuchonga tena. Akiulizwa alisema macho yamechoka.

Alama za minyororo hazikurudi. Mwantumu alifagia uwanja, na uwanja ukakaa ulivyofagiwa, isipokuwa adhuhuri palikuwa na nyayo, ndogo, za miguu mitupu, zinazunguka nyumba na kukomea mlangoni. "Watoto wa Mwanne," alisema Mwantumu, akazifagia.

Mchana mmoja alipakua ugali wa muhogo na kisamvu. Mkono wake, ambao una mazoea yake, uliweka sahani ya mumewe, ukaweka yake, ukaweka ya tatu.

Walizitazama.

"Umemkaribisha mtu, Mikidadi?"

"Sijamkaribisha mtu. Wewe?"

"Mimi nina nani wa kumkaribisha."

Bakuli la kunawia lilikuwa kando ya mlango. Maji ndani yake yalitikisika, yakamwagika kidogo ukingoni, yakatulia.

Walikula. Mwantumu alipoinuka kuirudisha ile sahani chunguni, ugali wake ulikuwa umemegwa. Pembeni tu, mmego mdogo, wa vidole vitatu.

Aliitazama sahani muda mrefu. "Panya," alisema.

"Panya," alisema Mikidadi.

Akanawa mikono. Akatafuta kipande cha mninga kilichobaki, waya, na springi imara ya karakana. Alikuwa fundi, kazi yake haikuwahi kukosea. Akaketi palepale dirishani, kwenye mwanga mzuri, akaanza kutengeneza mtego.